Ndoo Tatu za Jumwa

Jumwa alikuwa amechoka kabla siku haijaanza. Ndoo tatu za maji zilitakiwa zikae ukumbini, nje ya mlango wa chumba chake, siku zote zikiwa zimejaa. Wazo hilo aliliokota kwenye ofisi anayofagia kule Changamwe, siku walipofanyishwa mazoezi ya kuzima moto. Nyumba yao ya Mishomoroni ina vyumba sita, mlango mmoja wa kutokea, na kila mpangaji na jiko lake la makaa. Chumbani kwa Jumwa amelala mama mkwe wake, Kadzo, aliyepooza upande mmoja. Moto ukizuka, Kadzo hawezi hata kushuka kitandani. Hilo ndilo lililomnyima Jumwa raha.

Lakini nani aache ndoo ya maji Mishomoroni akaikute? Mfereji wenyewe hutoa maji mara moja kwa wiki, tena kwa kununa. Huyu achote ya kupikia, yule aoshee mtoto, na wote wimbo wao mmoja: "Nitakurudishia, mama." Jioni Jumwa anazikuta tupu. Aliomba, akagomba, akasusa. Mwezi mzima yeye akijaza na wenzake wakimaliza, mpaka mgongo ukagoma.

Ndipo asubuhi moja, kwa uchovu mtupu, uwongo ukamtoka.

"Maji hayo msiyaguse. Mchungaji ameyaombea."

Lo! Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu hata kuchovya kidole. Watu walizipita ndoo kwa adabu, wengine wakipunguza sauti. Jumwa aliona haya, lakini ndoo zilibaki zimejaa, naye akaenda kazini moyo umetulia.

Jumatano, saa nane mchana, simu ikalia. Cheche kutoka jiko la ukumbini ilikuwa imeshika pazia la mlango wa chumba chake. Alifika nyumbani pumzi zimemwisha. Godoro lilikuwa limeteketea, kabati limekuwa jeusi. Kadzo alikuwa uani, kafunikwa leso, anakohoa lakini mzima. Rispa, mpangaji wa chumba cha pili, ndiye aliyembeba mgongoni, kisha akarudi ndani kuupiga moto kwa gunia kavu mpaka ukafa. Mikono yake ilikuwa imebabuka vibaya.

Ndoo tatu zilikuwa pale pale mlangoni, zimejaa pomoni.

Jumwa aliburura moja hadi uani, akachota kwa kata, akaanza kummwagia Rispa mikononi. Rispa akaivuta mikono haraka.

"Usiyaharibu, mama. Hayo ni ya Mungu."

"Ni ya mfereji, mwanangu." Jumwa akaketi chini. "Ya mfereji tu. Niliwadanganya."

Rispa akainyoosha mikono tena, na Jumwa akaendelea kummwagia, huku analia, mpaka ndoo ikaisha.