Nguo za Watu

Mama Kola alikuwa dobi hodari na mwoga wa kutupwa. Jina alilipata kwa kola za mashati, maana kola ikishapita mikononi mwake husimama wima hata kama mwenye shati anasinzia ofisini. Uoga alizaliwa nao. Aliogopa mbwa, ngazi, sindano, watu wa sare na karatasi yoyote yenye mhuri. Mumewe alipokuwa hai ndiye aliyefungua mlango na kuongea na mwenye nyumba, na alipofariki alimwachia vyumba viwili vya kupanga, pasi mbili, na mama yake mzazi. Mama mkwe huyo miguu ilishamkatalia, akawa wa kitandani nyuma ya pazia, lakini mdomo wake ulikuwa mzima na masikio yake, pale alipotaka, yalikuwa mazima zaidi.

Chumba cha mbele ndicho kilikuwa cha kazi. Kulikuwa na meza ya kupigia pasi iliyovikwa blanketi lililoungua hapa na pale, ndoo za maji, na bomba refu la chuma lililokatiza ukuta hadi ukuta. Kwenye bomba hilo zilining'inia nguo za watu: mashati, magauni, koti la karani wa posta, suti. Mama Kola hakuandika jina la mtu wala hakutoa risiti. Kila mteja alikuwa na uzi wake, rangi yake mwenyewe, ulioshonwa mshono mmoja ndani ya pindo. Wa fundi viatu mwekundu, wa muuza dawa njano, wa Mwalimu wa hesabu kijani. Kwa uzi huo hakuwahi kupoteza hata soksi. Mtu akimsifu kwa jambo lolote lingine alicheka tu, ila akisifiwa kwa hilo alinyamaza na kuinua kidevu, maana alijua ni kweli na hana kingine cha kujivunia.

Faini ilimpata kwa maji ya sabuni. Askari wa manispaa walimkuta anamwaga ndoo barabarani, wakamfikisha mahakamani pamoja na wauza matunda na jamaa mmoja mlevi. Hakimu hakumaliza hata kusoma kosa, Mama Kola akadakia, "Nimekosa, mheshimiwa!" Watu wakacheka. Akatozwa faini, akapewa muda, akaambiwa akalipe dirishani.

Hela alikuwa nayo, na hapo ndipo mtu unapotaka kumtikisa mabega. Alizifunga kwenye pindo la khanga akaenda nazo hadi geti la mahakama. Pale getini gari la mahabusu lilikuwa linashusha watu wamefungwa pingu wawili wawili, na mmoja wao akamtazama.  Mama Kola akageuza, akajiambia atarudi Jumatatu. Jumatatu akafika tena getini, akageuza tena. Halafu mama mkwe akapandwa na homa, hela zikaishia duka la dawa, na baada ya hapo hata njia ile ya mahakamani akawa haipiti. Akienda sokoni alizunguka nyuma ya shule, mwendo mrefu, na ndoo kichwani.

Siku alipokuta karatasi imebandikwa mlangoni, na mhuri wake mwekundu, hakuisoma. Aliibandua kwa ncha za vidole akaisukuma chini ya godoro. Ila neno moja lilishamwingia machoni: dalali.

Tangu siku hiyo mlango wa Mama Kola haukufunguliwa kwa mtu. Alifua alfajiri, akaanika ndani, akapiga pasi dirisha likiwa limefungwa, na jasho likimtiririka hadi kisogoni. Mtu akibisha alisimama kama alivyo, pasi juu ya nguo, pumzi kaibana. Aliyebisha akiondoka, ndipo anagundua kaunguza.

"Nani huyo?" mama mkwe alikuwa akiuliza kwa sauti kutoka nyuma ya pazia.

"Shh! Mama, tafadhali. Hakuna mtu."

"Hakuna mtu halafu anabisha? Makubwa."

Waliobisha walikuwa wateja. Walikuja kuchukua nguo zao, wakakuta kimya, wakaenda. Wengi hawakusumbuka kurudi, kwa sababu walikuwa na deni la kufuliwa la mwezi huu na mwezi uliopita, na mlango uliofungwa uliwafaa. Basi nguo zikajaa. Bomba likapinda katikati kwa uzito. Mama Kola akipita chini yake ilibidi ainame, na usiku alizisikia hanga za nguo zikigongana akadhani ni watu.

Dalali wa mahakama, yeye, hakubisha kwa kishindo. Alikuwa mtu mzima kidogo, mwembamba, na kazi yake aliijua. Alikuja asubuhi na mashati matatu machafu mkononi, akasema kwa upole, "Hodi jamani. Nimeleta nguo za kufua. Nimeambiwa hapa kola zinasimama."

Ndugu yangu, sifa ni kitu kibaya. Mama Kola akafungua. Kabla hajapokea mashati, mguu wa bwana ulishakuwa ndani, na nyuma yake vijana wawili wa kubeba.

"Samahani, mama," alisema dalali, akatoa hati kwenye mfuko wa koti. "Ni ile faini. Sasa imeongezeka, na gharama zangu pia zimo."

Mama Kola alitaka kusema kitu. Midomo ilicheza, sauti haikutoka. Akashika ukingo wa meza.

Dalali alisema maneno yake kama mtu aliyeyasema nyumba elfu. "Sikilizeni ili tusielewane vibaya. Kitanda na matandiko hatugusi. Vyombo vya kupikia hatugusi. Kitendea kazi hatugusi, kwa hiyo pasi zako na meza yako, mama, vitabaki. Nguo iliyo mwilini mwa mtu hatugusi. Vingine vyote ni mali, na mali inakamatwa." Akainua macho kwenye bomba. "Naona mali ipo."

Hapo sauti ikatoka. "Hizo si zangu! Hizo ni nguo za watu!"

"Za akina nani? Nionyeshe risiti."

"Sina risiti. Nina uzi." Akavuta suti nyeusi, akafunua pindo. "Huu wa kijani ni wa Mwalimu. Huu mwekundu..."

"Mama," alisema dalali, na hakusema kwa ubaya, "nikimpelekea hakimu uzi atanicheka. Kila nyumba ninayoingia naambiwa vitu ni vya jirani. Hata televisheni ni ya jirani." Akakuna shavu, akafikiri. "Nitakufanyia hivi. Leo naandika tu. Kesho asubuhi narudi na gari. Wenyewe waje wachukue vyao kabla ya hapo. Nitakachokikuta humu kesho ni chako, na kinakwenda mnadani."

Walipotoka, Mama Kola alikaa sakafuni chini ya nguo. Jela ilikuwa ikimwogopesha, lakini hii ilikuwa hofu nyingine kabisa. Aliyaona magauni ya watu yamemwagwa chini mnadani, mtu wa mbali anapima koti la karani huku karani mwenyewe amesimama anatazama. Nani atampa nguo tena? Atabaki na pasi mbili na meza, na hana hata leso ya kunyoosha.

"Sasa unalia nini?" sauti ilitoka nyuma ya pazia. "Wapelekee."

"Nikabishe milangoni kwa watu, Mama?"

"La, wapigie filimbi."

Akajikaza kisabuni. Alizipanga nguo kwenye shuka kwa rangi za nyuzi, akajitwika furushi la kwanza, akatoka. Jua lilikuwa linashuka, watu wamerudi kutoka kazini, moshi wa mkaa uko uani. Alianza kwa fundi viatu. Alisikia redio, alisikia kicheko cha watoto. Akabisha.

Redio ikazimwa.

Akabisha tena. Mtoto akauliza kitu, mtu akamziba mdomo. Kisha kimya kabisa, kimya ambacho Mama Kola alikijua vizuri mno, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa amekitengeneza nyumbani kwake wiki baada ya wiki. Akasimama na furushi kichwani, akashangaa. Walikuwa wanamwogopa yeye! Wamechungulia dirishani, wamemwona dobi anayedai, wamejificha.

Kwa muuza dawa aliambiwa na mtoto kupitia tundu la ufunguo, "Mama amesema hayupo." Kwa karani wa posta taa ilizimika alipofika kizingitini. Shingo ilikuwa inamuuma, giza linakuja, na asubuhi ilikuwa inamjia mbio kuliko alivyoweza kutembea. Mwishowe hofu ikamzidi hata akasahau aibu. Akatua furushi katikati ya njia, akapaza sauti ambayo hakuwahi kuisikia ikitoka kwake:

"Sitaki hela! Jamani, sidai mtu! Nimeleta nguo zenu! Kesho dalali anabeba kila kitu!"

Pazia likasogea. Mlango mmoja ukafunguka kidogo, kisha wa pili. Fundi viatu alitoka na soksi mguu mmoja, akapokea mashati yake bila kumtazama usoni. Kisha wakaanza kuja wenyewe, wengine hadi chumbani kwake, wakizitafuta nguo kwenye bomba, na yeye akifunua mapindo na kuwapa. Wawili watatu walimtia hela kiganjani kwa haraka, kama wanatoa hongo. Bomba likanyooka.

Suti ya Mwalimu peke yake ndiyo ilibaki. Mwalimu alikaa mbali, ng'ambo ya uwanja wa shule, na hakuwa ameusikia ule ukelele. Jumamosi alikuwa anamwoza binti yake, na suti hiyo ndiyo aliyokuwa ameshonewa na fundi kwa mkopo. Mama Kola alikwenda mikono mitupu, asije akanyang'anywa suti njiani, akikimbia, maana alihofia kuiacha nyumba na alihofia giza. Alibisha. Ndani mtu alikohoa kikohozi kile cha chaki kinachojulikana na kila aliyesoma shule ile, kisha kikohozi kikabanwa. Alibisha mpaka vifundo vya vidole vikachubuka. "Mwalimu! Suti yako!" Upepo ulikuwa unapiga mabati, na mlango haukufunguka.

Asubuhi gari lilisikika kabla halijaonekana. Mama Kola alikuwa hajalala. Suti aliishika mikononi, akazunguka nayo chumba kizima akitafuta mahali pa kuificha, chini ya meza, ndani ya ndoo, nyuma ya mlango, na kila mahali palikuwa mahali ambapo hata kipofu angetazama kwanza.

"Lete hapa," alisema mama mkwe.

"Mama, chini ya godoro watapekua."

"Nani kasema godoro? Wewe humsikii mtu akiongea? Nivalishe."

Dalali alipoingia alikuta bomba la nguo tupu. Akatikisa kichwa, akawaonyesha vijana kabati, redio na viti viwili. Wakabeba. Halafu akalisogeza pazia.

Bikizee alikuwa amekaa wima kitandani, amevaa suti nyeusi ya kiume, vifungo vyote vimefungwa hadi juu, kilemba chake cha kila siku kichwani, na mikono ya koti imemzidi hadi vidole havionekani. Mama Kola alikuwa amejibanza ukutani, macho amefumba.

Dalali akasimama na pazia mkononi. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo?"

"Sijambo." Akakohoa. "Bibi, hiyo suti..."

"Iko mwilini," alisema bibi. "Wewe mwenyewe ulisema jana, sikukusingizia. Ila kama unaitaka, njoo univue. Anza na suruali."

Kijana mmoja wa kubeba akageukia nje, mabega yakimtikisika. Dalali alitazama sakafu, akatazama hati yake, akaikunja. Masikio yalikuwa yamemwiva.

"Kabati na viti havitoshi," alimwambia Mama Kola bila kumwangalia bibi tena. "Kilichobaki kalipe dirishani mahakamani. Usipolipa nitarudi, na safari ijayo sitaandika kwanza." Gari likaondoka.

Mama Kola aliteleza na ukuta mpaka chini. Alikuwa bado sakafuni pale mlango ulipobishwa tena, na kabla hajafikiri alishakuwa chini ya meza ya pasi, magoti kifuani, pumzi kaibana.

"Fungua, mwanangu," alisema mama mkwe, safari hii taratibu. "Wamekwisha kuchukua. Fungua."

Alikuwa ni Mwalimu, anahema, shati halijafungwa vizuri. Ameona gari likipita na kabati mgongoni. "Suti yangu!" Kisha akaiona ilipo, akabaki mdomo wazi.

"Ipo salama," alisema Mama Kola. "Jana nilikuja kwako."

"Aa, jana? Sikusikia kabisa, dada. Unajua upepo ule..."

Siku nyingine yoyote angesema haidhuru. Angesema pengine alibisha polepole. Lakini alimtazama Mwalimu, mtu mzima mwenye mvi, anavyosogeza macho pembeni, na akaijua ile hofu mpaka ndani.

"Ulisikia, Mwalimu," alisema. "Hata mimi huwa nasikia."

 Mwalimu akaingiza mkono mfukoni, akatoa noti zilizokunjwa, akaziweka juu ya blanketi la pasi, na alipoziweka hakuondoa mkono mara moja. "Nisamehe," alisema. "Nilijua unakuja kudai. Sikuwa na uso."

Mama Kola alizichukua, akaziunganisha na zile za jana, akazifunga kwenye pindo la khanga. 

"Nisindikize mahakamani," alisema. "Hadi dirishani. Nikifika getini nikageuza, unishike mkono."

Mwalimu akatazama suti, akamtazama bibi ndani yake. "Jumamosi nina shughuli nyingi. Labda wiki ijayo?"

"Sasa hivi," alisema Mama Kola, naye tayari alikuwa anavaa ndala. "Kesho nitakuwa nimeshaogopa tena."