Wamesafisha Muziki

Jumamosi nilikuwa kwenye duka la muziki katikati ya Durban, mama mmoja Mkongomani alipoomba awekewe albamu mpya ya mumewe. Mumewe alikuwa mpiga gitaa wa roki, wa enzi za matamasha makubwa ya viwanjani, na alifariki mwaka jana. Albamu imetokana na kanda alizorekodi jikoni kwao.

Muuzaji, naye Mkongomani, akaiweka. Wimbo wa tatu ulipofika katikati, mama akainua kidole, akangoja, kisha akakishusha polepole.

"Hapa alisimamisha gitaa, akaniuliza, 'Chérie, chai iko wapi?' Nikacheka. Wamekata."

"Pole, mama," muuzaji akasema. "Walisafisha muziki."

"Basi wamenisafisha na mimi."

Jalada lilijisifu kwamba humo mna kila alichotuachia marehemu. Sisi mashabiki hudai kila nota ya wafu wetu, na tunauziwa. Mama huyu alitaka sekunde chache tu, ambazo hakuna shabiki angezililia.

"Rudisha kidogo, papa," akamwambia muuzaji. "Pengine sikusikia vizuri."

Muuzaji akarudisha. Tukasikiliza sote watatu, na gitaa likapita pale pale bila kusimama.