Beseni la Mama Bernardine lilivyoipatia pikapu ya Amerika plaki

Saa moja asubuhi, Kimanga, mtaa wa mji wa Uvira, mashariki ya Kongo. Foleni ya akina mama imetoka mlangoni kwa fundi Florentine, imepita kibanda cha muuza mafuta ya mawese, imefika barabarani. Hakuna anayenunua kitu. Kila mmoja ameshika kitu cha rangi ya chungwa: kikombe, sahani ya mtoto, kitana, ndoo isiyo na mpini, na mmoja, bila aibu yoyote, ameleta ndala za plastiki za mumewe.

“Mama, bwana yako iko anajua kama umebeba viatu vyake?” Florentine anauliza kutoka ndani.

“Atajua akiamuka!” anajibu mwenye ndala, na foleni nzima inaangua kicheko.

Ndani ni giza, maana Florentine ameziba dirisha kwa kitenge. Mezani kuna betri ya gari, nyaya mbili na ampuli moja ya taa ya gari. Kila kitu kinachoingia kinawekwa mbele ya ampuli, taa inawashwa, hukumu inatolewa. Kikombe ni cha njano, ondoa. Sahani inatoa wekundu, ondoa. Kitana kina rangi nzuri kabisa, lakini nani amewahi kuona taa yenye meno?

Nje, chini ya turubai, ndiko iliko sababu ya vituko vyote hivi: pikapu ya buluu kutoka Amerika, pana, ndefu, yenye pua kama ya kiboko. Haina plaki, yaani kibao cha namba ya gari. Bila plaki hairuhusiwi kukanyaga barabara, na siku ya uhuru, tarehe 30 Juni, inakaribia. Siku hiyo chama cha wauza ndagala, wale dagaa wadogo wa Ziwa Tanganyika, kinataka kupita nayo mbele ya watu kwenye gwaride. Kesho yake wanataka ipakie magunia, ielekee soko la Kamanyola.

Ukaguzi wa kwanza imeanguka. Ikianguka na wa pili, akina mama watabaki na banda la kuku lenye magurudumu manne. Na lawama itamwangukia mtu mmoja tu, kwa sababu aliyewashauri wachukue gari la Amerika ni fundi Florentine mwenyewe.

“Njo minye niliwaambia,” anasema, huku akijipiga mdomo kwa kiganja. “Mudomo hii hii. Hapa Kimanga muntu haleti gari kwangu kwa sababu niko na duka muzuri. Angalia mwenyewe, duka gani hii? Analeta kwa sababu neno yangu inasimama. Ikianguka, nitauza nyanya.”

Florentine ni fundi wa umeme wa magari. Ni mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mto. Kazi alifundishwa na mjomba wake, marehemu Octave, ambaye naye aliipata kwa njia ya ajabu. Mwaka wa uhuru, 1960, bwana Mzungu mwenye gereji alivuka kwenda Burundi akaacha funguo mlangoni, na Octave, aliyekuwa akifagia pale, akaingia na kuanza kufungua kila kitu ili ajue kinafanya nini. “Vingine havikurudi vilivyokuwa,” Florentine anacheka. “Lakini alijifunza.”

Wakati wa uasi ulioanza mwaka 1998, kazi ya Florentine iligeuka juu chini. Watu hawakumletea magari ayawashe. Walimletea ayazime. Wenye bunduki walikuwa wakiona gari linatembea, wanalichukua. Kwa hiyo mwenye gari alikuja kimyakimya, Florentine akachomoa kipande kimoja kidogo kwenye mfumo wa umeme, akakizika ndani ya gunia la maharagwe. Wenye bunduki walisukuma gari mpaka jasho likawatoka, wakatukana, wakaenda zao.

“Miaka ile yote nilikuwa fundi wa kuua magari,” anasema. “Ilikuwa inaniuma. Muntu anakuletea gari nzima, unamurudishia maiti, na anakuambia aksanti sana!”

Uasi ulipoisha mwaka 2003, vile vipande vilitoka kwenye maharagwe kimoja kimoja. Magari yakaanza kunguruma tena Nyamianda na Kimanga, na Florentine anakiri kwamba gari la kwanza lilipowaka alilia mbele ya mwenye gari.

Barabara ya bonde la Ruzizi, iendayo Kamanyola, ikawa wazi, lakini akina mama wa ndagala walibaki pale pale. Gari la kukodi lilikula theluthi ya mauzo yao, na dereva ndiye aliyeamua waondoke lini. Mvua ikinyesha juu ya magunia, hasara ilikuwa yao. Mama Agathe, mwenyekiti wa chama, alisema siku moja mbele ya wenzake wote: “Nchi ilipata uhuru minye ningali tumboni. Ndagala yangu itapata lini?”

Wakaanza kuchanga. Walichanga miaka miwili. Kaka yake Mama Agathe, Sévère, anayeishi Amerika, akatumwa atafute pikapu. Hapo ndipo Florentine alipoulizwa kama si afadhali gari la Japani, maana ni rahisi. Akawajibu kwa kujiamini kabisa: “Ya Japani usukani iko kuume, na sisi tunatembea kuume. Dereva akitaka kupita lori, haoni kitu, anauliza abiria! Muchukue ya Amerika. Usukani iko kushoto, sawasawa na barabara yetu. Haitakuwa na matata hata moja.”

Pikapu ikapanda meli hadi Dar es Salaam, ikapanda treni hadi Kigoma, ikapanda meli tena hadi bandari ya Kalundu, hapa Uvira. Iliposhuka, akina mama walikuwa wameshona kitenge cha aina moja. Walicheza wakiizunguka, wakamwaga maji ya ziwa kwenye magurudumu yake, wakaibatiza jina: Bwana wa Bamama, yaani mume wa akina mama.

Siku chache baadaye wakaipeleka kwenye ukaguzi, na vitenge vyao vile vile. Mkaguzi ni Pontien, bwana mpole mwenye miwani, asiyepandisha sauti. Alitazama matairi, alitikisa usukani, alifurahia injini. Kisha akazunguka nyuma.

“Piga ya kushoto,” alimwambia dereva. Taa nyekundu ikapepesa. “Kanyaga breki.” Taa nyekundu hiyo hiyo ikawaka. Pontien akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

“Sasa weye iko unasimama ao iko unakata kona?”

Huko Amerika, kumbe, pikapu hii ilitengenezwa hivyo: taa moja nyuma, nyekundu, ndiyo ya breki, ndiyo ya kona. Pontien akaeleza taratibu kwamba hapa ya kukata kona lazima iwe rangi ya chungwa, tena ikae peke yake. “Bamama, mumebeba magunia, nyuma kunakuja muntu wa pikipiki. Anaona nyekundu, anafikiri munasimama, anawapita kushoto. Na nyinyi munakata kushoto. Mutamuua.”

Florentine, ambaye amefungua taa za magari tangu ujana wake, alikuwa ameliangalia gari mbele, akaangalia usukani, akapiga honi, akafurahi. Nyuma hakuangalia. Mama Agathe hakumgombeza. Alimtazama tu, akakunja kitenge chake, akatembea kwenda nyumbani. “Afadhali angenitukana,” Florentine anasema.

Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kwanza alitenganisha nyaya: breki ikabaki na taa yake nyekundu, ishara ya kona ikapewa njia yake. Mwandishi wa habari hii, ambaye hana hata leseni, alipewa kazi ya kukanyaga breki, na alipigiwa kelele kila alipoondoa mguu kabla ya kuambiwa. Halafu Florentine akakata makopo mawili ya maziwa ya unga, akayang'arisha ndani, akayafunga nyuma ya gari yawe vikombe vya taa mpya.

Kilichokosekana ni kioo cha rangi ya chungwa. Uvira hakikupatikana. Alijaribu kupaka ampuli rangi ya kucha. Ikawaka vizuri, ikafuka moshi, ikanuka mtaa mzima. Ndipo alipotuma neno sokoni: kila mama alete plastiki ya rangi ya chungwa aliyo nayo.

Na ndiyo foleni hii.

Saa tatu imefika, na ndani ya giza la Florentine hakuna kilichoshinda. Ndala za bwana zimerudishwa. Mama Bernardine, muuza ndagala wa siku nyingi, ameleta mfuniko wa chupa, mdogo hata haufuniki ampuli. Mama Agathe anauinua, anautazama, kisha anamtazama mwenye nao.

“Na beseni yako, Mama Bernardine?”

“Beseni gani?”

“Ile ya kupimia.”

Kicheko kinaanzia nyuma na kuja mbele. Msomaji asiye wa Uvira aelezwe. Ndagala kavu hupimwa kwa beseni. Beseni la Mama Bernardine ni la rangi ya chungwa, zito, la plastiki ya zamani, na miaka mingi iliyopita lilimwagiwa maji ya moto likasukumwa tako lake kuelekea juu. Kwa nje linafurika. Ndani ni nusu. Uvira nzima inajua, na Uvira nzima inanunua kwake, kwa sababu anakupimia huku akikuuliza habari za wanao wote kwa majina.

“Ile beseni haikatwi!” anasema Mama Bernardine. “Minye nimesomesha watoto na ile beseni!”

“Njo tunajua!” wanajibu wote kwa pamoja.

“Hata yule wa Bujumbura!” anaongeza.

“Yule tumemusomesha siye!”

Anajaribu kukasirika, inamshinda. Anacheka mpaka anaketi chini, anajipangusa macho, anainuka na kwenda kulileta. Florentine anaweka ubavu wa beseni mbele ya ampuli, anagusisha nyaya. Giza lote la chumba linageuka rangi ya papai lililoiva. Mtu anapiga vigelegele. Florentine mwenyewe ameketi juu ya betri ya akiba, mkono kifuani, anatabasamu kama bibi harusi.

Kisu kinapashwa moto, vipande viwili vinakatwa. Tako lenyewe, lile lililopanda, linapigiliwa msumari juu ya mlango wa duka, na wanunuzi wa ndagala wanasimama kulipigia makofi.

Siku mbili baadaye, ukaguzi wa pili. Safari hii hakuna aliyevaa sare, wala hakuna anayecheza. Jua ni kali, na hilo ndilo linalomtia Florentine hofu, maana taa inaweza kuonekana dukani na kupotea nje. Amesimama kando ya gurudumu, midomo inasali.

Pontien anarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka ukutani. “Piga ya kushoto.” Rangi ya chungwa inapepesa. “Ya kuume.” Inapepesa. “Sasa shika breki na kushoto pamoja.” Nyekundu inawaka na kutulia, chungwa inapepesa kando yake.

Mkaguzi anasogea, anainama, anagonga plastiki kwa ukucha. Anaitikisa. Anainama zaidi.

“Hii mulitoa wapi?”

Mama Bernardine anasonga mbele, ameshika kiuno. “Ni beseni yangu, shefu.”

“Ile yenye tako juu?”

“Njo ile.”

Pontien ananyooka. Anavua miwani, na safari hii haifuti. “Bibi yangu, mama ya watoto wangu, amelia na ile beseni miaka kumi,” anasema. “Iko imesema uongo miaka yote, leo inaonyesha kweli gari inakwenda wapi. Ile taa inaonekana muzuri, na imeshika. Bamama, muende muchukue plaki.”

Kilichofuata hakiandikiki. Walicheza bila sare na bila ngoma, kwa kupiga bati la pikapu lenyewe, na Florentine alibebwa juu juu na wanawake sita, jambo ambalo, kwa mwili wake, si mchezo.

Tarehe 30 Juni Bwana wa Bamama alipita kwenye gwaride baada ya wanafunzi, plaki mbele na nyuma. Dereva hakukata kona yoyote, lakini aliwasha taa ya kushoto, akaizima, akawasha ya kuume, njia nzima, kwa sababu watu walikuwa wakiomba. Kesho yake pikapu iliondoka saa waliyoichagua akina mama wenyewe. Magunia yalifika Kamanyola makavu, na hakuna aliyewapangia bei.

Jioni waliporudi, Mama Agathe alisimama juu ya bodi la nyuma akatangaza kwamba mchango wa pikapu ya pili unaanza wiki ijayo, na kwamba safari hii chama kitamtuma mtu hadi Dar es Salaam ailaki melini na kuikagua kabla haijapanda treni. Mtu huyo ni Florentine.

Florentine alikataa. Alisema mbele ya wote kwamba hastahili, kwamba karibu awatie hasara, watume mtu mwingine ambaye hajakosea.

“Apana,” Mama Agathe alisema. “Mwingine tukimutuma, atatuletea kosa mupya. Weye ya kwako umeishaimaliza.”

Florentine hajawahi kuvuka ziwa hata kufika Kigoma. Wiki hii ameanza kuulizia pasipoti.