Mawingu ya Nyota Yalipofutwa Shella

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha fizikia Malindi, nilipeleka picha moja kwenye duka la kuchapisha pale mtaa wa Shella. Kesho yake wazazi walikuwa wanakuja shuleni kuona kazi za watoto wao, nami nilitaka picha kubwa ya ukutani: anga jekundu linalong'aa, na ndani yake madoa madogo meusi kama masizi.

Nilirudi alasiri. Mwenye duka, mtu wa makamo mwenye kofia iliyodariziwa, aliikunjua picha mezani kwa madaha.

"Mwalimu, picha yako ilikuwa chafu. Nimekaa nayo tangu asubuhi, nimekutolea madoa yote."

Nikatazama. Jekundu tupu, halina hata doa. Nilitaka kulia, kikatoka kicheko. Nilicheka mpaka nikashika meza. Naye, bila kujua linalochekesha, akacheka pia.

"Hayo madoa ndiyo yenyewe!" nikasema nilipopata pumzi. Nikamweleza kwamba yale ni mawingu ya gesi na vumbi, baridi kupita kiasi, mazito hata yanaziba mwanga wa nyuma yake. Mle gizani gesi hujivuta, hujibana, hupata joto polepole, na nyota ikaanza.

"Nyota? Humo kwenye uchafu?"

"Humo humo."

Bibi mmoja aliyekuwa akingoja picha zake za pasipoti akasogea. "Kumbe mbingu nayo hushika mimba?"

"Tuseme hivyo, bibi."

"Na huyu amezitoa zote!"

Tuliangua kicheko sote watatu, mwenye duka kajifunika uso kwa kofia.

Alichapisha upya, kubwa maradufu, akipitisha kidole juu ya kila doa asipoteze hata moja. Niliibeba njiani nikisalimia watu nisiowajua, shikamoo huku, shikamoo kule, kama mtu aliyeposwa.

Siku ya wazazi nilikuta watu wamejazana mbele ya picha. Mwenye duka alikuwa amefunga duka, amevaa kanzu, anawasomesha habari za vumbi na baridi. Alikosea mawili matatu. Kisha baba mmoja, mkulima wa Marafa, akamwuliza nyota huchukua muda gani kuzaliwa. Mwenye duka akanigeukia, macho yamemtoka.

"Malaki ya miaka," nikajibu.

"Hee!" akasema mkulima. "Na mimi huyalalamikia mahindi!"

Ukumbi mzima ukacheka, na mwenye duka akaendelea na somo lake. Sikumkatiza. Nilivuta kiti cha mwanafunzi, nikaketi kumsikiliza.