Bangili Kwenye Ngazi

Kwetu hukuwa na haja ya kuiona filamu, ilitosha kuwa na mama kama wangu. Kazi ya kuhadithia filamu aliizoea tangu Unguja, ambako wenzake waliokatazwa sinema walimsubiri arudi awahadithie, naye aliwahadithia mpaka nguo za waigizaji. Tulipohama Unguja tukawa tunakaa Ruwi, ng'ambo, jirani yetu Mbengali alimwita kwake kutazama mkanda wa filamu ya kwao, ya zamani, isiyo na rangi. Jirani akimfasiria kwa Kihindi, alichokijua mama kwa sinema, mama akaibeba yote kichwani na kushuka nayo jikoni.

Mimi nilikuwa nakuna nazi. Wiki hiyo baba alikuwa amemkataa kijana aliyekuja kunichumbia, mwenzangu kazini, kwa sababu wazee wake walitoka Burundi na kabila lao la Kiarabu halikujulikana. Alitaka nimkubali mtoto wa ammi yangu wa Quriyat. Kijana alikuwa tayari twende kwa kadhi, maana kadhi anaweza kukuozesha baba akikataa bila ya sababu ya maana. Lilibaki neno langu tu.

Mama akanihadithia. Msichana wa kitajiri anampenda mwalimu wake wa muziki, baba yake hataki. Alfajiri anavua bangili zake za dhahabu, anaziacha kwenye ngazi, anakwenda mlangoni.

"Akageuka," alisema mama, "akaziona bangili ziko peke yake pale, roho ikamuuma kwa babake. Akazivaa, akarudi ndani. Akaolewa na wakili aliyechaguliwa na babake, na akampenda, mwanangu, kuliko wa mwanzo."

Nililia mpaka nazi ikanishinda. Siku ya pili nikamwambia baba nimekubali.

Mume niliyepewa hakunipiga wala hakuninyima chakula. Alinisahau tu. Sasa anakaa na mke mwenzangu, na mimi nimeachiwa nyumba kubwa ya Bawshar yenye vyumba nisivyoviingia. Kila niliposhikwa na hasira nilijiambia kuwa hata yule msichana mapenzi hayakumjia siku moja. Mjinga mimi, nikayasubiri.

Ijumaa iliyopita, baada ya chakula cha mchana, binti yangu alifungua filamu ya Kibengali kwenye televisheni, ina maandishi ya Kiarabu chini. Nilikuwa nakunja nguo. Nikaiona ngazi, nikauona mkono unavua bangili. Msichana akafika mlangoni, akageuka kweli. Kisha akatoka.

Hakurudi. Alionekana tena kwenye chumba cha kupanga, mvua inavuja, yeye na mwalimu wake wanahamisha kitanda huku na huku na kukinga beseni, wanacheka mpaka wamekaa chini. Nililionea wivu lile beseni, wallahi.

Mama alikuwa kwenye kochi, tasbihi mkononi.

"Mama, mbona hakurudi?"

"Nnaona."

"Uliniambia alirudi."

"Nlikwambia." Hakubabaika hata kidogo. "Ningelikwambia kenda zake, na wewe si ungelikwenda?"

"Ningelikwenda."

"Haya basi," akasema, akaninyooshea kikombe nimtilie chai.

Nikamtilia, na nilimchukia wakati namtilia. Binti yangu alituangalia sote wawili, akachukua rimoti azime. Nikamwambia aiache, auone mwisho kwa macho yake mwenyewe.