Mama Janeffer Arudi Darasani

Jumapili ile Rebeccah alipopanda tena kilima cha kanisa, nje kidogo ya Kapkatet, alikuwa amevaa sweta ndani nje. Watu waliona, wakamsalimia tu.

Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyeshika kazi ya vijana na mafundisho pale kanisani. Wazazi wengi wa mtaa ule walipita mikononi mwake wakiwa wadogo. Aliwafundisha kusoma Biblia, kuimba, na kuacha kucheka wakati wa maombi. Kisha mwezi wa nne radi ikampiga binti yake Janeffer akitoka kuchuma chai, kikapu kikiwa bado mgongoni. Alikuwa kidato cha tatu. Walimzika nyuma ya nyumba, na Rebeccah akaacha kwenda kanisani. Alikamua ng'ombe, akapika, akafua. Baada ya mazishi hakulia tena. Hata uchungu wenyewe aliusikia kwa mbali, kama redio ya jirani.

Pasta Muturi alimtembelea mara kadhaa. Siku moja alimaliza chai yote kabla hajasema lililomleta.

"Mwalimu, vijana wanapungua. Lakini siwezi kukulazimisha."

"Nitakuja."

"Uko tayari?"

"Sijui kuwa tayari ni nini, Pasta. Hata ng'ombe nakamua bila kuwa tayari."

Basi akarudi. Darasa lilikuwa kwenye chumba cha mabati nyuma ya kanisa, na somo la siku hiyo lilihusu ulinzi wa Mungu. Rebeccah alilisoma mwanzo hadi mwisho bila kuinua macho. Alipomaliza, msichana aitwaye Cherotich, aliyekuwa akikaa dawati moja na Janeffer shuleni, akainua mkono.

"Mama Janeffer."

Wenzake wakainamisha vichwa. Tangu msiba, hakuna aliyethubutu kumwita jina hilo. Kila mtu alisema Mwalimu.

"Mama Janeffer, wewe ulikuwa unaomba kila asubuhi. Janeffer alituambia. Sasa sisi tukiomba, tuombe nini?"

Zamani Rebeccah angekuwa na jibu, tena na aya ya kulishikilia.

"Sijui, Cherotich. Toka mwezi wa nne sijaomba. Nikifunga macho sioni kitu, nafungua, naendelea na kazi."

"Na mbona umerudi?"

"Jumapili ni siku ya kuja hapa. Na nyumbani ni vile vile tu."

Alingoja mmoja wao atoke kwenda kumwita mzee wa kanisa. Hakuna aliyetoka.

"Mimi pia siombi," Cherotich akasema polepole. "Mama akiniangalia, nafunga tu macho."

Rebeccah akafunga kitabu. "Basi leo hatuombi. Niambieni kitu cha Janeffer, kitu ambacho sikijui."

Walisita kwanza. Mmoja akasema Janeffer alikuwa akilala kwenye hesabu, kalamu wima mkononi. Mwingine akasema alijua kumwigiza mama yake anavyokohoa kabla ya kugombeza. Wakacheka kwa woga, kisha wakacheka kweli.

"Mimi nakohoa?" Rebeccah akauliza.

"Hata leo umekohoa, Mwalimu."

Hakucheka, wala hakulia. Aliwasikiliza mpaka ibada kuu ikaanza.

Baadaye Pasta akamkuta akipanga viti. "Nimesikia hamkuomba."

"Hatukuomba."

Muturi akainua kiti kimoja, akakipanga na vingine. "Jumapili ijayo?"

"Nitakuja."

Akaja, na iliyofuata pia. Vijana wakaanza kuongezeka, wengine wakitoka mbali kama Silibwet. Mpaka Desemba alikuwa bado hajaomba. Alikuwa akimpa mmoja wa vijana aombe, naye mwenyewe akisimama kando ya dirisha, macho wazi, akitazama mashamba ya chai hadi waseme amina. Pasta alijua. Hakumuuliza tena.