Kaburi la Bakari Nyuma ya Kanisa la Mawe

Ndugu yangu Bakari alifia Ufaransa, kijijini kwa mkewe Klara, akazikwa huko kabla yeyote kati yetu hajapata viza. Mama aliuliza jambo moja tu, kila baada ya swala: "Walimlaza kuelekea kibla?" Miezi sita baadaye nikaenda kutafuta jibu.

Jumatatu alfajiri niliondoka Msambweni. Jumanne adhuhuri, baada ya ndege mbili na treni, Klara alinipokea kituoni. Aliwahi kufanya kazi Diani miaka minane, na Kiswahili chake ni cha Bakari, hata kiimbo.

"Shemeji, pole kwa safari. Utapumzika kwanza?"

"Nipeleke kwake."

Kanisani tulifika jua likiwa bado juu. Mimi ni mwashi, na jicho lilikwenda ukutani kabla ya kwenda makaburini. Kuta nene, mawe yaliyoshikwa kwa chokaa, mlango wenye tao la mviringo, madirisha membamba. Klara alisema kanisa lina zaidi ya miaka mia nane. Nilikumbuka misikiti ya kale ya kwetu, mawe na chokaa vivyo hivyo, nikavua viatu bila kufikiri. Klara naye akavua vyake. Ndani mlikuwa na baridi. Sikuomba humo, ila nilisimama kwa adabu.

Nyuma ya kanisa makaburi yamepangwa yakifuata ukuta. Moja tu limekingama.

"Mchimbaji alikataa," Klara alisema. "Aliona litaharibu safu. Lakini Bakari alikuwa amenieleza alazwe vipi, basi nikachukua koleo nikaanza mwenyewe. Mchimbaji aliponiona, akaja kunisaidia. Amelala ubavu wa kulia."

Nilipima kibla kwa simu. Hakukosea. Nilisoma Yasini, na Klara akasimama kando hadi nilipomaliza.

Ijumaa jioni, nyumbani, Mama alinisikiliza mkekani. Nilipofika pa koleo alinizuia.

"Alichimba mwenyewe?"

"Alianza mwenyewe, Mama."

Akalia, mara ya kwanza tangu msiba. Nami niliona aibu. Miezi sita tulikuwa tumepokea pole za mtaa mzima, na hakuna kati yetu aliyempa pole mjane.

Mama aliniambia nipige simu. Aliishika kwa mikono miwili.

"Klara, mwanangu," alisema, "ni mamako. Nisamehe nimechelewa."